HOTELI YA KIITALIANO AU YA KIMEKSIKO?

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Wahenga walisema mchagua nazi hupata koroma. Methali hii nimekuwa nikiiandika katika insha tangu shule ya msingi bila kuielewa sawasawa. Niliielewa likizo ya Aprili iliyopita, siku nilipopewa kazi ya kuchagua hoteli. Nisemapo hoteli nina maana ya mahali pa kula, wala si pa kulala. Najua walimu wetu wangependa niandike "mkahawa". Mniwie radhi, kwetu mtaani tunasema hoteli.

Kisa chenyewe kilianza hivi. Kakangu alipata kazi hapa Nairobi baada ya kuitafuta kwa muda wa miaka miwili. Mshahara wa kwanza ulipoingia, mtu wa kwanza kumfikiria alikuwa nyanya yetu aishiye Machakos. Huyu nyanya ndiye aliyekuwa akiuza mahindi yake, gunia baada ya gunia, ili kaka amalize shule. Mwaka ambao mvua ilikosekana aliuza hata mbuzi. Basi kaka akasema, "Nyanya hajawahi kuketi mezani mjini akahudumiwa na watu. Safari hii atakuja na atahudumiwa."

Akatenga shilingi 6,000 za watu watano: nyanya, mama, yeye mwenyewe, dada yetu mdogo na mimi. Karibu na kazini kwake, upande wa Westlands, kuna hoteli mbili zinazotazamana. Moja ni ya Kiitaliano, nyingine ni ya Kimeksiko. Akaniambia, "Wewe ndiwe msomaji wa vitabu. Nenda ukachunguze, kisha uniambie tumpeleke ipi."

Wasomaji, nitasema kweli japo inaniaibisha. Mimi nilikuwa nimeshachagua hata kabla ya kuchunguza. Nilitaka ya Kiitaliano, na sababu ilikuwa moja tu: piza. Nilitaka kupigwa picha nikiwa nimeishika, niwaonyeshe wale wenzangu wanaonicheka saa ya chakula cha mchana kwa kuwa mkebe wangu huwa na githeri Jumatatu hadi Ijumaa. Nyanya sikuwa namfikiria hata kidogo. Hiyo ndiyo koroma niliyokaribia kuiangua.

MAHINDI YANANIFUATA

Nilianza na hoteli ya Kiitaliano. Nikasimama mlangoni nikisoma menyu iliyobandikwa pale. Nikakuta piza, nikakuta tambi za namna nyingi, halafu nikakuta neno polenta. Nikamwuliza mhudumu, "Samahani, polenta ni nini?"

Akanijibu, "Ni unga wa mahindi unaosongwa kwa maji na chumvi."

"Yaani ugali?"

Akacheka. "Ndiyo, ugali wa Kiitaliano. Lakini wetu ni wa manjano." Nikatazama bei yake: ilizidi shilingi 1,000! Nikajiambia, nyanya apande gari kutoka Machakos aje kula ugali wa elfu moja? La hasha.

Nikavuka barabara hadi kwa Wameksiko. Ala! Huko nako mahindi yalikuwa yamenitangulia. Chakula chao karibu chote hufungwa ndani ya tortila, nayo tortila ni kama chapati ndogo ya unga wa mahindi. Kando yake kuna maharagwe, pilipili na parachichi. Kwani jamani, si hii ni githeri iliyovaa nguo za sherehe? Nilirudi nyumbani nimechanganyikiwa. Nilikuwa nakimbia mahindi, kumbe yako pande zote mbili za barabara. Hapo ndipo nilipoamua kwenda maktaba na kuwauliza walimu. Haya yafuatayo ndiyo niliyoyapata.

ASILI YA VYAKULA HIVI

Jina "mahindi" linaweza kutudanganya tudhani kwamba nafaka hii ilitoka Bara Hindi. Sivyo. Mahindi yalitoka Meksiko. Wataalamu wanasema wakulima wa kusini mwa nchi hiyo waliyapata kutokana na nyasi ya porini iitwayo teosinte, yapata miaka 9,000 iliyopita. Nyasi hiyo ina punje chache ngumu. Wakulima walikuwa wakichagua mbegu nzuri kila msimu na kuzipanda tena, mpaka likapatikana gunzi tunalolijua leo.

Isitoshe, si mahindi peke yake. Nyanya tunazopikia, pilipili hoho na zile kali, parachichi, pamoja na maharagwe ya kawaida, vyote vina asili yake huko Amerika, na Meksiko ni mojawapo ya makao yake ya kale. Wahispania waliuteka mji mkuu wa Waazteki mwaka wa 1521. Mazao hayo nayo yalivuka bahari kwenda Ulaya, na baadaye yakafika Afrika.

Sasa tazameni ajabu hii. Mtu akisema chakula cha Kiitaliano, sisi hufikiria mchuzi mwekundu wa nyanya. (Hapa simsemi nyanya yangu, nasema zile za sokoni.) Kumbe Waitaliano hawakuwa na nyanya hata moja kabla ya karne ya 16! Zinatajwa katika maandishi ya huko mwaka wa 1544. Wakaziita pomodoro, yaani tufaha la dhahabu, lakini wengi walikuwa wakiziogopa. Mapishi ya mchuzi wa nyanya yalikuja kuchapishwa Napoli katika miaka ya 1690, katika kitabu cha mpishi Antonio Latini, naye mwenyewe alisema ni mchuzi wa mtindo wa Kihispania. Ama kweli, mgeni akikaa sana huhesabiwa kuwa mwenyeji.

HOTELI YA KIITALIANO INAUZA NINI?

Msingi wa chakula hiki, hasa kile kinachouzwa mijini kwetu, ni ngano. Kwanza kuna tambi. Sisi Waswahili tunazijua tambi tangu zamani, na pwani huzipika hata kwa sukari. Waitaliano huzichemsha kwa maji yenye chumvi, huziacha ziwe na ukakamavu kidogo, kisha huzichanganya na mchuzi. Atakaye kuziona bila kulipa pesa nyingi aende Eastleigh. Ndugu zetu Wasomali huziita baasto na huzila pamoja na ndizi mbivu. Walizipata wakati Waitaliano walipotawala kusini mwa Somalia. Hata Malindi, ambako Waitaliano wengi wamejenga nyumba, vyakula vyao si vigeni.

Pili kuna piza. Hii ni unga wa ngano uliotiwa hamira, ukaumuka, ukatandazwa kama chapati, kisha ukapakwa nyanya na jibini na kutiwa katika tanuri kali. Huko Napoli, kulikokuwa asili yake, tanuri la kuni huwa na moto mkali kiasi kwamba piza huiva kwa dakika moja au moja na nusu tu. Ufundi wa wapishi hao wa Napoli ulitiwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka wa 2017.

Tatu kuna wali wao uitwao risoto, ambao hukorogwa kwa mchuzi hadi uwe mzito, na nne ni polenta niliyoitaja. Jambo la kukumbuka ni kwamba jibini, au chizi kama tunavyosema, imo karibu kila mahali.

HOTELI YA KIMEKSIKO INAUZA NINI?

Huko msingi ni mahindi, maharagwe na pilipili. Tortila huliwa kama sisi tunavyokula ugali, yaani mtu huichovya, huikunja, hulia mboga na nyama. Ikikunjwa ikatiwa nyama, kitunguu na dania, huitwa taco. Neno hili naliacha katika Kihispania chake vivyo hivyo. Nikilifanya liwe la Kiswahili safi, mlezi wa chama ataniita ofisini!

Kuna pia tamale, ambayo ni unga wa mahindi uliofungwa kwa maganda ya mahindi na kupikwa kwa mvuke. Kuna parachichi iliyopondwa pamoja na ndimu, kitunguu na pilipili, nayo huitwa guacamole. Mapishi ya jadi ya Meksiko yaliingia katika orodha hiyo hiyo ya UNESCO mwaka wa 2010.

Lakini kuna jambo la kutahadhari. Si kila hoteli yenye kofia pana ukutani hupika Kimeksiko halisi. Kuna mtindo ulioanzia Texas, kule Marekani, ambao hutumia sana tortila za ngano, jibini ya manjano iliyorundikwa juu, na taco ngumu zinazovunjika kama krispi. Mtindo huo si mbaya, na kuna wanaoupenda, ila ukitaka mahindi ni sharti uulize kwanza. Ng'ombe, na kwa hiyo jibini, waliingia Meksiko pamoja na Wahispania.

SIRI YA CHOKAA

Sasa nafika kwenye jambo lililonigusa kuliko yote. Nilimwuliza mwalimu wetu wa Biolojia, "Mwalimu, ikiwa Waitaliano nao walikula mahindi, tofauti yao na Wameksiko ni ipi?" Akanijibu kwa neno moja: "Chokaa."

Wameksiko hawasagi mahindi makavu vivi hivi. Huyachemsha kwa maji yaliyotiwa chokaa, huyaacha usiku kucha, kisha huyaosha mpaka maganda yanatoka. Hapo ndipo husagwa yangali mabichi yakawa donge la kufanyia tortila. Njia hii ni ya tangu kale, kabla ya Mzungu kufika. Chokaa hulainisha punje, tena hufungua vitamini iitwayo niasini, ambayo katika mahindi imefungika kiasi kwamba tumbo la binadamu haliwezi kuipata vizuri.

Mahindi yalipopelekwa Ulaya, mbegu ilivuka bahari lakini ujuzi wa chokaa haukuvuka. Kaskazini mwa Italia, wakulima maskini wakawa wanakula polenta asubuhi, mchana na jioni, bila kitoweo cha maana. Matokeo yake yakawa ugonjwa wa kutisha. Ngozi ilibabuka, watu waliharisha, wengine walirukwa na akili, na wengi walikufa. Mwaka wa 1771 daktari wa Milano aitwaye Francesco Frapolli aliuandika kwa jina la pelagra, kutokana na maneno ya watu wa huko yenye maana ya ngozi kali. Kwa muda mrefu watu walidhani ni sumu au maambukizo. Kule Marekani, Dkt. Joseph Goldberger alionyesha katika miaka ya 1910 kwamba chanzo chake ni ukosefu wa chakula bora, na mwaka wa 1937 ikajulikana kwamba dawa yake ni niasini.

Je, sisi? Sisi nasi hatutii chokaa. Mwalimu alinieleza kwamba anayekula ugali pamoja na maharagwe, nyama, samaki au maziwa hana haja ya kuogopa, kwa kuwa anapata niasini kwingineko. Aliyeumia ni yule aliyekula mahindi matupu. Aidha, tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi wa pakiti uongezwe vitamini na madini, niasini ikiwemo. Nilipoyasikia hayo niliufikiria mkebe wangu wa githeri. Mahindi na maharagwe! Wakulima wale wa Italia walikufa kwa kukosa kitu ambacho mimi nilikuwa nakificha chini ya dawati.

JINSI YA KUCHAGUA

Nilirudi kwenye kazi niliyopewa. Nikachukua daftari, nikaandika maswali manne ambayo hata wewe, msomaji, waweza kuyatumia siku ukipata bahati kama yangu.

Swali la kwanza: Nani anakula? Nyanya yangu amebakiwa na meno machache, na maziwa mengi humsumbua tumbo. Ni kweli ipo piza isiyo na jibini, iitwayo marinara, lakini ukingo wa piza huhitaji meno. Tortila ya mahindi ni laini, na maharagwe yaliyopondwa hayana ugomvi na mtu.

Swali la pili: Kuna vitu gani ndani? Wenye kuepuka nguruwe waulize katika hoteli zote mbili, kwa sababu piza nyingi huwa na soseji au nyama yake, na taco nyingine vivyo hivyo. Asiyeweza pilipili aseme mapema iletwe kando.

Swali la tatu: Pesa zinatosha? Nilipiga hesabu. Kwa Waitaliano, piza tatu kubwa za kugawana ni shilingi 4,200, na vinywaji vitano ni 1,250. Jumla 5,450. Kwa Wameksiko, sahani tano za taco ni 4,500, guacamole moja 500, na jagi la maji ya matunda 700. Jumla 5,700. Tofauti ni shilingi 250 tu, kwa hiyo pesa hazikunisaidia kuamua. Niliuliza pia kama ushuru umeshajumlishwa katika bei, maana asilimia 16 juu ya bili inaweza kumtoa mtu jasho mbele ya wageni.

Swali la nne, nalo ndilo gumu: Nachagua kwa ajili ya nani? Nilipojibu swali hili kwa ukweli, picha yangu na piza ikafutika yenyewe.

Nikamwambia kaka, "Tumpeleke kwa Wameksiko."

SIKU YENYEWE

Siku ilipofika nyanya alivaa leso yake mpya na viatu vya kanisani. Alipoletewa sahani hakula upesi. Aliichukua tortila, akainusa, akaikunja, akaikunjua. Kisha akasema, "Haya ni mahindi. Lakini yamefanywa nini?"

Mhudumu akamwita mpishi, ambaye kumbe ni Mkenya mwenzetu. Akamweleza nyanya habari za chokaa, jinsi maganda yanavyotoka. Nyanya akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hata sisi muthokoi hutwangwa kinuni mpaka maganda yatoke. Kumbe kila mtu na njia yake." Wakazungumza kama majirani wawili kisimani, na mpishi akamwita mama muda wote.

Halafu nyanya akauliza swali ambalo tulikuwa tukiomba asiliulize. "Sahani hii ni pesa ngapi?"

Kaka akainamisha kichwa. Mama akasema, "Mama, kula tu." Lakini nyanya si mtu wa kufichwa. Akaambiwa. Akanyamaza, nikajua anahesabu ni gorogoro ngapi za mahindi. Moyo wangu ulikuwa ukidunda, kwa sababu hoteli niliichagua mimi. Nilidhani atakasirika, na angekuwa na haki ya kukasirika.

Mwishowe akasema, "Haya, mle. Miaka yote nimekuwa nikiyauza mahindi yakaenda zake. Leo yamerudi kunisalimia." Akala taco mbili, akamalizia na maharagwe. Ya tatu aliifunga kwa karatasi ampelekee jirani yake kijijini.

Sitaki mfikiri kila kitu kilikwenda shwari. Dada yetu mdogo alilia akitaka piza aliyoiona ng'ambo ya barabara, na mama alichovya pilipili akidhani ni nyanya, akanywa maji bilauri tatu. Tumekubaliana kwamba siku nyingine tutavuka barabara, na nitakapovuka nataka kuionja ile polenta.

Wenzangu, sisemi chakula cha Meksiko ni bora kuliko cha Italia. Laiti mgeni wetu angekuwa mtu mwingine, huenda jibu lingekuwa jingine. Ninalosema ni kwamba asichague mtu kwa jina la chakula wala kwa picha atakayopigwa. Amtazame atakayekula, aulize kilichomo, ahesabu pesa zake.

Na wale wanaonicheka saa ya mchana nawaambia hivi: githeri yangu bado iko mkebeni, Jumatatu hadi Ijumaa. Mkitaka kuionja, leteni vijiko. Nitawasimulia habari za miaka 9,000 huku mkitafuna.

Kalamu yangu naiweka chini. Wasalaam.